Nimemaliza dozi ya TB lakini pushapu 6 tu zinanimaliza, nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo dokta. Nina miaka 34, ni fundi seremala, naishi Mbagala. Mwaka huu niliugua TB ya mapafu, nikalazwa siku 19, dozi ya miezi 6 nimeimaliza wiki 3 zilizopita na makohozi wamepima wakasema nimepona. Nilikuwa na kilo 72 nikashuka hadi 54, saivi nina 59. Kabla ya kuumwa nilikuwa napiga pushapu 50 bila kupumzika na Jumapili nacheza mpira. Sasa kila asubuhi najaribu pushapu nione kama nguvu imerudi, nafika 6 mikono inatetemeka, pumzi inakata, naona kizunguzungu. Juzi nililazimisha hadi 10 kesho yake sikuenda kazini. Jamaa wa jimu hapa mtaani anasema nivumilie maumivu ndo yanajenga, mama anasema nipumzike mwaka mzima la sivyo TB itaamka. Ngazi za ghorofa ya pili tu napumzika katikati. Pia usiku nyayo zinachomachoma kama sindano. Hela ya jimu sina. Naweza kurudi kama zamani kwa mazoezi ya nyumbani? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana kwa uliyopitia na hongera kwa kumaliza dozi. Hongera hiyo naisema kwa uzito wake wote, maana kwenye kazi yangu ya fiziotherapia (kurudisha nguvu za mwili kwa mazoezi) naonana na watu walioacha dawa mwezi wa pili baada ya kikohozi kukata, halafu wanarudi wakiwa hali mbaya kuliko mwanzo. Wewe umefika mwisho, sasa tuurudishe mwili.

Nilivyokuelewa umekaa katikati ya watu wawili wanaokupenda na wote wanakuvuta, mmoja anakwambia lala mwingine anakwambia jitese, na wewe kila asubuhi unaenda chini kupiga pushapu ili mwili ukupe jibu. Jibu lako lipo, ila haliko kwenye pushapu.

Nianze na mama. Mama anaongea kwa uchungu wa mtu aliyekuona ukiisha mbele ya macho yake, mheshimu kwa hilo, lakini mazoezi hayaamshi TB. TB inarudi pale dozi ilipokatwa au dawa hazikuwaweza wale vijidudu, au kinga ya mwili imeshuka kwa VVU isiyotibiwa, kisukari kisichodhibitiwa, kukosa chakula, pombe nyingi, au mtu ameambukizwa upya na mtu mwingine. Kuinuka kwenye kiti na kusukuma ukuta hakumo humo. Kwahiyo kama unataka kumtuliza mama mwambie unaenda kupima sukari, maana mwenye kisukari uwezekano wake wa kupata TB ni kama mara 3 ya asiye nacho, na kama majibu ya VVU hukupewa wakati unaanza dawa kaulizie pia. Hayo ndo ya kulinda.

Na kulala mwaka mzima kungekuumiza, hili nalisema bila kuzungukazunguka. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti walichukua vijana 5 wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki 3. Walipowainua uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Wakawafanyisha mazoezi kama wiki 8 hivi, wastani wao ukarudi na kupita pale walipoanzia. Mwaka 1996 wakawatafuta walewale 5, sasa ni watu wa miaka 50, wakawapima tena, na ikaonekana zile wiki 3 za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao hawakuwa na ugonjwa wowote. Wewe umelala siku 19 huku homa inakula mwili, fikiria basi.

Huyo jamaa wa jimu naye kuna kaukweli kadogo kwenye maneno yake. Misuli ikifanya kazi mpya inauma uma kidogo kesho yake na keshokutwa, hiyo ni kawaida na inapita. Lakini kutetemeka, kizunguzungu na kushindwa kwenda kazini siyo maumivu ya kujenga, huko ni mwili umedaiwa deni ambalo hauna cha kulipia. Na mtu wa namna yako anajikuta kwenye mzunguko mmoja mbaya sana, siku akijisikia vizuri anafanya yote, siku 2 zinazofuata yuko hoi kitandani, akiinuka anafanya yote tena, mwezi unaisha nguvu ipo palepale. Unachofanya kila asubuhi ni kujipima, hujaanza bado kujijenga.

Sasa nguvu ilienda wapi? Mwili una stoo ya mafuta, una stoo ndogo ya sukari kwenye ini na misuli, lakini stoo ya protini hauna, stoo yake ni misuli yenyewe. Ukiugua TB kinga inapigana usiku na mchana, inahitaji protini, hamu ya kula imekufa, basi mwili unabomoa mapaja, makalio, mgongo na mabega unakula. Ndo maana kilo 18 ziliondoka. Na hizi 5 zilizorudi usidhani zote ni misuli, mtu akitoka kuugua hivi kilo za kwanza kurudi nyingi huwa mafuta, msuli haurudi kwa chakula peke yake mpaka upewe kazi. Halafu ukilala muda mrefu hata damu inapungua wingi wake mwilini na moyo unakuwa mvivu kidogo, ndo hicho kizunguzungu ukiinuka ghafla kutoka chini.

Hebu pia tuangalie hiyo pushapu yenyewe kwa kilo, kwa sababu watu wanaichukulia kama zoezi dogo la kuanzia. Pushapu ya kawaida ya sakafuni mikono yako inabeba takriban asilimia 64 ya uzito wako. Kwa kilo 59 ni kama kilo 38, yaani mfuko wa sembe wa kilo 25 na nusu yake juu. Sasa mtu aliyetoka wodini unaenda kumbebesha mfuko na nusu mara 10 bila kupumzika? Ukiweka mikono juu ya kitu cha kimo cha sentimita 60 hivi inashuka kuwa kama asilimia 41, kilo 24 tu. Ukisimama na kusukuma ukuta inashuka zaidi. Zoezi ni lilelile, misuli ni ileile, umebadilisha mlalo wa mwili basi. Huo ndo uzuri wa mazoezi ya uzito wa mwili kwa mtu anayetoka kuumwa, huhitaji kununua chuma chepesi, unasogeza miguu karibu na ukuta uzito unapungua.

Lakini kifua siyo cha kuanzia. Ni miguu. Na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndo moyo wa jibu langu lote.

TB inapopona inaacha makovu kwenye mapafu, kwa wengine madogo kwa wengine makubwa, na sehemu yenye kovu hairudi kuwa pafu zima kwa mazoezi yoyote wala kwa kupuliza maputo. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa. Wasichoambiwa ni kwamba ile pumzi inayokuishia kwenye ngazi siyo lazima iwe ni mapafu peke yake, ni miguu nayo inadai hewa nyingi kupita kiasi. Msuli uliodhoofika hautumii oksijeni vizuri, ukipewa kazi ndogo tu unachoka mapema na kumwaga tindikali kwenye damu, na ubongo ukiona hiyo tindikali unaamuru uheme kwa nguvu. Ukiurudisha msuli wa paja, kazi ileile ya ngazi inadai hewa kidogo zaidi. Mapafu ni yaleyale, makovu yaleyale, lakini unafika juu.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja dereva wa lori, picha yake ya kifua upande wa kulia juu ilikuwa nyeupe tupu kwa makovu. Siku ya kwanza tulipanda naye ngazi zetu za idara, ni vidato 14, alisimama mara mbili, ameshika reli, mabega yamepanda masikioni, na kila kidato alikuwa anabana pumzi kama mtu anayeinua gunia. Wiki ya 9 alipanda bila kusimama akawa ananisimulia habari za mizani ya barabarani huku anapanda, mimi ndo nikamwambia asubiri. Picha ya kifua ilipopigwa tena kovu lilikuwa palepale. Tulichokuwa tumefanya ni kiti, ukuta, ngazi na kutembea.

Kwahiyo wewe unaanza na kiti. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, kimo cha goti, ukiegemeze ukutani kisiteleze, na we fundi najua kwako hakikosekani. Kunja mikono kifuani, inuka wima kabisa, kaa, inuka, kaa, mtu akushikie saa, hesabu umeinuka mara ngapi kwa sekunde 30. Andika hiyo namba na tarehe kwenye karatasi ubandike ukutani. Tuseme umepata 14. Basi kwenye mazoezi hutafanya 14, utafanya 7, polepole, unapokaa unahesabu moja mbili tatu mpaka makalio yaguse, halafu pumzika dakika 2, unarudia mizunguko 3. Utaona ni kidogo. Naomba kiwe kidogo. Wiki 2 za kwanza nataka umalize ukiwa unahisi ungeweza kuendelea, kwa sababu wiki hizo msuli haukui bado, ni mishipa ya fahamu inajifunza upya kuuita msuli, na hiyo kazi inataka marudio mengi ya siku nyingi kuliko kishindo cha siku moja.

Ukimaliza kiti, simama umeshika fremu ya mlango, panda juu ya vidole vya miguu ushuke, mara 10. Halafu lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua kiuno juu ushushe, mara 8. Halafu ndo pushapu zako sasa, za ukutani, mara 8, mwili umenyooka kama ubao. Mizunguko 2 au 3 ya hayo yote, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku zingine unatembea. Kutembea anza dakika 10, mwendo ambao mtu akikusalimia njiani unaweza kuitikia na kuulizia watoto hadi mwisho wa sentensi. Ukishindwa kumaliza sentensi punguza mwendo, ukiweza kuimba ongeza kidogo. Kila wiki ongeza dakika 2 au 3 mpaka ufike 30.

Kuhusu pumzi, toa hewa pale unapotumia nguvu. Unainuka kwenye kiti, toa. Unasukuma ukuta, toa. Na uitoe kwa midomo iliyobanwa kidogo kama unapuliza uji wa moto, inasaidia hewa iliyonaswa ndani itoke yote ili mpya ipate nafasi. Usibane pumzi hata mara moja, nina uhakika hiyo 10 yako ya juzi zile 4 za mwisho ulikuwa umebana, na kizunguzungu kingi kinatokea hapo.

Utajuaje uongeze? Kama mazoezi mawili mfululizo yamekuwa mepesi na kesho yake umeamka vizuri, ongeza marudio 2. Kiti kikifika 15 kwa mzunguko anza kutumia stuli fupi zaidi au shika ndoo yenye maji kidogo. Pushapu za ukutani zikifika 15 hamia kwenye benchi lako la kurandia, hapo zikifika 15 shuka kwenye stuli imara, kisha kidato cha ngazi, na sakafu itakuja yenyewe. Kila ukishuka kimo punguza idadi urudi 6 au 8, usione aibu. Na kama kesho yake umeamka mzito, uchovu haujaisha ndani ya saa 24, ulizidisha jana, rudisha nusu. Ukipata malaria au mafua makali katikati simama kabisa, ukipona rudi hatua moja nyuma ya ulipoachia.

Mchakamchaka, kichurachura, kuruka kamba na zile jogingi za Jumapili asubuhi viache kwanza. Siyo vibaya, ila kundi lina mwendo wake na wewe utakimbizana nao, namjua mwanaume aliyekuwa anacheza mpira, hawezi kubaki nyuma. Mpira nao nakwambia subiri mpaka upande ghorofa 2 bila kusimama na utembee nusu saa bila kuhema, halafu uanze kwa dakika 15. Jimu huna haja nayo kwa miezi 3 ya mwanzo hata ungekuwa na hela.

Chakula sitakaa sana. Bila protini haya mazoezi ni kubomoa tu. Lenga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kama gramu 70 hadi 90 kwa siku, na usisikie namba hiyo ukawaza nyama ya kila siku. Dagaa, maharage, mayai (moja lina kama gramu 6), karanga, maziwa, samaki, uviweke kila mlo siyo vyote usiku, kwenye ugali mboga iwe nyingi kuliko ulivyozoea. Unga wa protini wa kopo huuhitaji.

Ila kuna kitu hujauliza na mimi kinanisumbua kuliko pushapu zako, vumbi la mbao. Mapafu yenye makovu hayana akiba ya kupoteza tena. Mafundi wengi mnaaminishana kwamba ukinywa maziwa jioni yanasafisha kifua, maziwa yanaenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu hata tone, kunywa kama chakula ni sawa. Kinachokulinda ni barakoa ile nene ya vumbi inayobana pua vizuri, siyo kitambaa, kupiga msasa nje au mlangoni penye upepo ukiwa umeupa mgongo, na kunyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Kama unavuta sigara, hapo hatuna mjadala, acha.

Nyayo kuchomachoma nenda nazo kliniki ya TB ulikotibiwa wiki hii, usisubiri. Isoniazidi, moja ya dawa ulizokuwa unameza, inaweza kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu kwa sababu inaupunguzia mwili vitamini B6, na kisukari, pombe au VVU vinaweza kuleta dalili hiyohiyo. Wao ndo watakuangalia na kukupa kiasi sahihi, usijinunulie B6 dukani ukameza kwa kukisia maana nayo ikizidi kwa muda mrefu inaumiza mishipa ileile. Mpaka uonwe, mazoezi ya kusimama fanya ukiwa umeshika kitu, na vaa viatu, nyayo isiyohisi vizuri hata msumari wa karakana haitausikia.

Sasa ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: ukikohoa damu, hata kama ni kidogo na hata kama ulishaambiwa umepona, kwa sababu makovu yanaweza kuvuja na TB inaweza kuwa imerudi, na hilo halijulikani kwa kubuni. Maumivu makali ya kifua ya ghafla na pumzi kukata ukiwa umekaa tu. Kuzimia. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi. Na kama kikohozi kimerudi wiki 2, jasho la usiku, homa za jioni au kilo zinaanza kushuka tena huku unakula, rudi kliniki ukapimwe makohozi, mwaka wa kwanza baada ya dozi ndo wa kuwa macho zaidi.

Na hata bila hayo yote mimi ningependa uonwe na mfiziotherapia mara moja ana kwa ana, waulize hospitali ya rufaa ya mkoa. Atakutembeza dakika 6 kwenye korido na kile kidude cha kubana kidoleni, aone oksijeni yako inashuka kiasi gani ukiwa kwenye mwendo. Ikiwa inashuka chini ya asilimia 90 mpango huu niliokupa unabidi upunguzwe na uanze chini ya macho ya mtu, hilo siwezi kuliona kwa maandishi. Kama wana kipimo cha kupuliza, spirometri, omba, kitaonyesha njia za hewa zimebana au la, kuna wengine dawa ya kuvuta inawasaidia sana na hawajui.

Kuhusu kurudi kama zamani. Ngazi zako za ghorofa ya pili, kama oksijeni iko sawa na ukifuata mpango, naziona ndani ya wiki 6 hadi 8. Siku nzima ya randa bila kulala mchana, miezi 3 au 4. Pushapu 50 sitakuahidi. Msuli uliowahi kufundishwa unajifunza upya haraka kuliko wa mtu ambaye hajawahi, hiyo ni faida yako, na umri wako bado mdogo, lakini kovu linaweza kuweka dari yake na dari hiyo hakuna anayeijua kabla hujaifikia. Inaweza kuwa 50, inaweza kuwa 25. Mwenye 25 anapanda ngazi, anabeba mbao, anacheza na wanae.

Kwahiyo kesho asubuhi usiende sakafuni. Jumatatu uanze na kiti, uandike namba yako, na baada ya wiki 3 niandikie umefika mara ngapi kwa sekunde 30 na kliniki wamesemaje kuhusu hizo nyayo. Nisalimie mama.